Mimba Si Kazi ya Mama Peke Yake

Mchimbaji wa Buhemba ni fundi. Akiutazama mchanga uliomo karaini hujua kama una dhahabu au hauna, na akiingia katika duara hujua ni ukuta upi utakaoanguka. Lakini mtu huyo huyo ukimwuliza mimba ya mkewe ina miezi mingapi, mara nyingi atakujibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Hatusemi haya ili kumcheka, maana jibu hilo hutolewa pia na karani wa Musoma, mvuvi wa ziwani na mkulima wa Bunda, na hata baadhi ya viongozi wetu. Twasema kwa sababu jibu hilo lina gharama, na anayeilipa ni mama na mtoto aliye tumboni.

Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere, si mbali na machimbo hayo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuwaficha wanaume wa vijijini ukweli wao. Lilieleza kwamba mwanamke wa kijijini hufanya kazi kuzidi mtu ye yote katika nchi, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hali mwanamume wa kijijini yumo katika likizo nusu ya maisha yake. Maneno hayo yalikuwa makali, na wengi waliyasikia yakisomwa mikutanoni. Lakini saa hizo 14 hazipungui mwanamke anapokuwa mjamzito. Maji huchotwa vile vile, kuni hukatwa vile vile, na penye machimbo huongezeka kazi ya kuponda mawe na kuosha mchanga.

Haki itendeke, nchi imekwenda mbele. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104. Mashirika ya dunia hukisia idadi kubwa kuliko hiyo, lakini hapana abishaye kwamba vifo vimepungua. Katika uchunguzi huo wa 2022 wanawake 8 katika kila 10 walijifungulia katika zahanati, kituo cha afya au hospitali. Zahanati zimejengwa na wauguzi wamefundishwa. Linalobaki sasa, kwa sehemu kubwa, limo ndani ya nyumba zetu wenyewe.

Wataalamu wa uzazi husema kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La tatu ni la Serikali na watumishi wake, nasi hatutaacha kuwakumbusha. Lakini la kwanza ni la mume. Katika nyumba nyingi za mkoa huu mwenye kutoa ruhusa ni yeye, na mwenye fedha ni yeye. Mke akianza kutokwa na damu usiku, au akiumwa kichwa kikali na macho kufifia, au uso na mikono ikivimba, au akihisi kwamba mtoto ameacha kucheza, hizo ni dalili za hatari ambazo hazingoji asubuhi. Je, mume ambaye hakuambiwa dalili hizo atazijuaje? Atasema mke apumzike. Na kama yeye yuko katika machimbo mengine mbali, wakwe na mashemeji watasema wamngoje mwenyewe arudi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya baba haina fahari yo yote. Ni kujua mwezi wa kujifungua, kuweka akiba kidogo kidogo tangu mwezi wa tatu au wa nne, na kumwambia mke mbele ya wazee kwamba akizidiwa aondoke mara moja, asingoje idhini ya mtu. Ni kujua ni nani kijijini mwenye pikipiki au gari, na kukubaliana naye mapema. Ni kukumbuka namba 115, inayopigwa bila malipo, ya mpango wa m-mama uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022 ili kumsafirisha mama aliyepata dharura ya uzazi. Tena ni kutafuta ndugu wawili watatu walio tayari kutoa damu, kwa kuwa kutokwa na damu nyingi ni katika sababu kubwa za vifo vya uzazi, na barabara ya kwenda Hospitali ya Rufaa iliyoko Kwangwa, Musoma, haifupiki kwa sababu mtu ana haraka.

Sasa tuje kwenye jambo linalohusu Buhemba hasa, ambalo mabango ya kliniki hulisema kwa nadra. Nalo ni zebaki. Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, zebaki ikaikamata dhahabu, kisha donge lile huchomwa motoni ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Inaruka kwenda wapi? Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni, na kwa mwanamke mwenye mimba hupita katika kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ukaudhuru ubongo wake unaojengeka. Wapo wanaume wanaochoma donge hilo jikoni, juu ya jiko lile lile linalopikiwa ugali, mke ameketi karibu. Wapo wanaohifadhi zebaki chumbani katika chupa ya soda. Mume wa namna hiyo aweza kumsindikiza mkewe kliniki kila mwezi na kusifiwa na muuguzi, kumbe jioni anamrudisha penye sumu.

Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa namna hii kukomesha uchomaji wa wazi, na uchomaji katika makazi ya watu, na kuwalinda hasa watoto na wanawake wajawazito. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Lakini mkataba hauwezi kuingia jikoni mwa mtu, baba aweza. Na aichome dhahabu yake mbali na nyumba, katika chombo kilichofungwa kinachoukamata mvuke. Na aoge na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Na mkewe mwenye mimba asishike mchanga wenye zebaki kwa mikono, hata kama siku hiyo watu wa kuosha ni wachache. Hili ni bora kuliko zawadi yo yote atakayonunua mtoto akisha zaliwa.

Wasomaji wetu walioajiriwa watauliza juu ya sheria ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84, au siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja, na ikamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto. Baba alipewa siku zisizopungua 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3 ni chache, nasi twaona zafaa kuongezwa. Hata hivyo wapo wafanyakazi wasiozidai, kwa kuona haya mbele ya wenzao. Haki isiyodaiwa humnufaisha mwajiri tu.

Mchimbaji wa duara hana hata hizo tatu. Hana mkataba wa kazi. Malipo yake ni mgao wa mifuko ya mawe, na asiyekuwapo siku ya mgao huweza kukosa. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaomlaumu kana kwamba ni mvivu wa mapenzi. Mtu aliyechimba wiki sita bila kitu hawezi kutoka duarani siku ile ambayo mwamba umeanza kuonyesha, hata kama mkewe ana uchungu wa kuzaa.

Kliniki nazo hazikosi lawama. Katika juhudi za kuwavuta wanaume, jambo lililoanza vizuri kwa ajili ya kupima virusi vya UKIMWI mume na mke pamoja, zipo zahanati katika nchi hii zilizogeuza mwaliko ukawa amri. Mama ajaye peke yake huambiwa akamlete mume kwanza, au akatafute barua ya mtendaji wa kijiji. Je, mjane afanyeje? Na msichana aliyekimbiwa? Na mwanamke ambaye mumewe humpiga, na ambaye chumba cha muuguzi ndipo mahali pekee anapoweza kulisema hilo? Kumrudisha mama nyumbani bila kupimwa damu, bila dawa ya kukinga malaria na bila chandarua, katika mkoa wa ziwa wenye malaria kama Mara, ni kumwadhibu kwa kosa la mtu mwingine. Mwanamume aalikwe, asubiriwe, awekewe kiti na aelezwe kwa lugha ya heshima. Lakini mama ahudumiwe awe naye au asiwe naye, na kila mara apate nafasi ya kuonana na muuguzi peke yake.

Kwa upande wa machimbo, vikundi vya wachimbaji vina kanuni zao, nazo hutiiwa. Aliyefiwa huruhusiwa kwenda kuzika. Hapana sababu kanuni hiyo isimhusu pia aliyejaliwa kuzaliwa mtoto: kwamba mwanakikundi ambaye mkewe yuko katika kujifungua aondoke kwa siku zitakazokubaliwa, na fungu lake la mawe liwekwe kando mpaka arudi. Jambo hili halihitaji fedha za Serikali wala sheria ya Bunge. Lahitaji mkutano mmoja wa jioni, mwenye leseni akiwapo, mwenye duara akiwapo, na mwandishi wa kikundi akiwa na daftari lake.