DAWA ISIYO NA JINA HAIBEBWI

Ndugu wafanya kazi,

Katika mashamba ya kandokando ya mto Tana, toka Balambala hata Masalani, kibarua huitwa asubuhi, hutwikwa bomba mgongoni, kisha huambiwa, "Haya, piga dawa." Akiuliza ni dawa gani, hujibiwa, "Dawa ni dawa." Twasema wazi kwamba huo ni uongo, na uongo huo wamfaa tajiri peke yake. Dawa humponya mtu. Kilichomo bombani ni sumu ya wadudu, na sumu hizo si za namna moja. Sikilizeni.

Iko jamii ya malathioni, klopirifosi na fenitrothioni. Hizi huharibu mishipa ya fahamu ya mdudu, na mishipa ya mtu hufanya kazi kwa namna ile ile. Si lazima uzinywe. Hupita katika ngozi na katika pumzi. Ukiona mwenzako anatoka jasho jingi na mate, haoni vizuri, anatapika, misuli inatetemeka na kifua kinambana, mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni, mpelekeni hospitali pamoja na chupa ya sumu ile.

Iko jamii ya pareto, lile ua lililolimwa Kenya tangu zamani, na zile zilizotengenezwa viwandani kwa mfano wake, kama deltamethrini. Hizi humdhuru mtu kidogo kuliko zile za kwanza, lakini huwasha ngozi na macho, na huua nyuki na samaki.

Zilikuwako za zamani kama dieldrini, iliyomwagiwa nzige tangu miaka ya 1950. Hukaa katika udongo na katika mafuta ya wanyama miaka mingi. Mataifa yalipatana kuikomesha kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001.

Tena ziko zitokazo katika mimea na viumbe: mwarobaini, mti ambao kivuli chake twakikalia hapa hapa Garissa, na ukungu uitwao Metarhizium, unaoua nzige na panzi.

Mtu asiseme kwamba twapinga kuua wadudu. Nzige walipoingia nchini mwisho wa Desemba 2019 kupitia kaskazini mashariki, mfugaji na mkulima wote walilia, na ilikuwa lazima wapigwe. Lakini angalieni: hapa Kenya zilitumika zile za fenitrothioni na deltamethrini, na ng'ambo ya mpaka, Somalia, ukachaguliwa ukungu ule. Huua polepole, kwa siku kadhaa, lakini haumtii mpigaji sumu. Basi hiari ya kuchagua iko. Anayesema haiko, amekwisha kuchagua yeye, na mgongo unaobeba bomba si wake.

Matajiri wengine husema mavazi ya kujikinga ni ghali, na kwa jua la Garissa hayavaliki. Jua twalijua kuliko wao. Jawabu lake si kupiga sumu kifua wazi. Jawabu ni kuanza alfajiri na kuacha kabla ya jua kali na upepo. Na kuhusu gharama, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamwagiza mwajiri kutoa mavazi hayo bila kumkata mtu mshahara.

Wenye vishamba vidogo wanaobeba bomba wenyewe, nao pia ni wenzetu, na hatari yao ni moja na yetu. Wako wanaosuuza bomba mtoni, na wako wanaochotea maji ya kunywa kwa debe lililokuwa na sumu. Mto huo wanyweka na mji mzima na mifugo. Jambo hilo likome.

Kwa hiyo twadai:

1. Chupa iletwe shambani na karatasi yake, isomwe kwa Kiswahili na Kisomali kabla bomba halijajazwa.

2. Kila mtu aonyeshwe rangi ya chupa: nyekundu ni sumu kali sana, njano huifuata, kisha buluu, na kijani ni ya mwisho. Ikiwa ya chini yatosha, ya juu isinunuliwe.

3. Glovu, buti, miwani na kifuniko cha pua vitolewe bure, na maji na sabuni viwe karibu.

4. Asiingizwe mtu kuchuma nyanya wala vitunguu kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kutimia.

5. Anayeugua kwa kazi hiyo alipwe fidia chini ya Sheria ya Fidia ya 2007.

Sheria yaruhusu mfanya kazi kujitenga na hatari iliyo dhahiri na kutoa habari. Lakini kibarua mmoja akikataa peke yake, kesho ataambiwa kazi imekwisha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mahali penye watu 20 au zaidi, sheria yataka iwepo kamati ya usalama. Idaini kamati hiyo, muwachague wajumbe wenu wenyewe, na bomba la kwanza lisijazwe mpaka jina la sumu limesomwa mbele ya wote.

Umoja ni nguvu.