Kioo King'ae, Roho Ibaki!

Leo sina utani mwingi. Leo najishitaki mwenyewe.

Naishi kwa shangazi, ghorofa ya tatu, jirani na Magogoni. Ukikaa dirishani unakiona kivuko cha Kigamboni kikienda na kurudi. Yaani ukibahatika kukiona! Upepo wa bahari unaleta chumvi, barabara inaleta vumbi na moshi, vikishikana kwenye kioo ni ukungu mtupu.

Zamani haikuwa tabu. Tulikuwa na zile luva, vioo vyembamba vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Unakunjua vibati vya pembeni, unachomoa kimoja kimoja, unaosha kwenye beseni, unarudisha. Mwenye nyumba akaona ushamba, akang'oa zote na kuweka madirisha ya alumini ya kutelezesha. Bomba kweli! Kasheshe iko upande wa nje: mkono haufiki.

Sasa Jumamosi moja washenga walikuwa wanakuja kwa ajili ya binamu yangu. Shangazi akataka vioo ving'ae. Mimi, kijana mzima, nikaitazama ile kazi, nikamwita dada wa kazi.

"Panda hapo nje kidogo tu, fasta."

"Haya, kaka."

Hakuuliza kitu. Angeuliza vipi, na mshahara wake anautoa shangazi yangu?

Akasimama kwenye ukingo wa zege, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine una tambara. Maji ya sabuni yakamtiririkia miguuni. Mara nikasikia "Mama!" Mguu umeteleza. Nilimdaka mkono na kanga kwa pamoja, nikamvuta ndani. Ndala yake moja ikaenda chini ghorofa zote tatu, ikatua miguuni kwa muuza mihogo. Yule mzee akatazama juu, akatingisha kichwa.

Washenga wakaja, wakala pilau, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyetazama dirisha.

Usiku ule sikulala, jamani. Wale vijana wanaoning'inia kwenye maghorofa ya Posta wakifuta vioo wana kamba na mikanda. Dada yetu alikuwa na ndala.

Jumatatu nikatinga Kariakoo, nikanunua mpira wa kufutia vioo wenye mpini mrefu, na sponji ya kufunga kwenye mti. Wala si mambo ya jana hayo: mpira wa namna hii ulibuniwa Marekani miaka ya 1930 na Mwitalia mmoja, Ettore Steccone.

Kazi yenyewe iko hivi. Miguu yako ibaki sakafuni. Sogeza vioo vyote upande mmoja, utoe mpini tu nje, tena uufunge kwa kamba kwenye mkono usije ukampasua mtu kichwa huko chini. Anza na maji matupu uondoe chumvi na mchanga, maana ukisugua kioo kikavu unakikwaruza. Kisha pitisha maji yenye siki kidogo, umalizie na mpira, kutoka juu kwenda chini. Halafu zungusha, sogeza vioo upande wa pili, urudie. Fanya asubuhi au jioni. Jua la mchana hukausha maji kabla hujafuta, ikabaki michirizi.

Na siki usiichanganye na jiki hata siku moja! Inatoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu ya mapafu.

Pembeni kuna kipande ambacho hata mpini haukifikii. Nimekiacha. Doa halijaua mtu.

Siku hizi vioo nafuta mwenyewe. Dada nilimnunulia ndala mpya na kumwomba radhi. Akazigeuza akakagua soli, akacheka:

"Asante kaka. Ila hizi ni za humu ndani tu."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!