Muuaji Ukishamjua

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani na maalim mmoja mstaafu, mtu mzima mwenye wajukuu na heshima zake mtaani, tukinywa kahawa na kuzungumza habari za vitabu, akanitaka nimtajie riwaya moja nzuri ya upelelezi ya kumliwaza wakati huu wa masika, nami sijafika hata kueleza mji ambamo kisa hicho kilipita, nikamwona ameziba masikio yake kwa vidole viwili, kama mtoto anayetishwa na radi, huku akipiga kelele, "Usinambie, bwana wee, usinambie, utaniulia kitabu!" Nilichotaka kumwambia, wallahi, ilikuwa habari ya kiko tu, kile kiko asichoachana nacho mpelelezi wa kitabu hicho.

Simcheki maalim, maana ugonjwa wake ni wa wengi. Aghalabu wasomaji wetu, wake kwa waume, waliosoma sana na waliosoma kidogo, wameshika itikadi moja ambayo kwa kukaririwa imepata hadhi ya sheria, nayo ni kwamba riwaya ya jinai ni mithili ya njiti ya kibiriti, huangaza mara moja na baada ya hapo hubaki kijiti cheusi kisichofaa hata kuchokolea meno. Kwamba uhondo wake wote umefungwa katika kurasa tatu za mwisho, pale mpelelezi anapowakusanya watu sebuleni na kumnyooshea mmoja wao kidole. Na kwamba, kwa hiyo, mtu anayefichua kidole hicho kimeelekea wapi amemwibia mwenziwe mali. Mimi nasema, bila ya kumung'unya maneno, kwamba itikadi hii ni batili, na kwamba kitabu kinachokufa kwa kutajwa jina la muuaji kilizaliwa maiti.

Tuanzie nyumbani. Katika mwambao wetu huu ni vigumu kupata kisa cha mauaji kilichosimuliwa mara nyingi kuliko kile cha Fumo Liongo, na ni vigumu vilevile kumpata msikilizaji ambaye hamjui muuaji kabla msimulizi hajafungua kinywa: anajua kuwa ni mwanawe Liongo mwenyewe, anajua kuwa silaha ni sindano ya shaba, anajua kuwa ilidungwa kitovuni, anajua kuwa kijana yule alighurika kwa ahadi za maadui wa baba yake. Siri yote i wazi tangu hapo mwanzo. Hata hivyo kisa hicho, ambacho Askofu Steere alikipiga chapa mwaka 1870 naye Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913, hakijapoa hata leo, na pale baba anapomwambia mwana siri ya mauti yake, ilhali moyo wake umekwisha kumwonya, wasikilizaji hunyamaza kimya vilevile kama walivyonyamaza babu zao. Na pale maiti ya shujaa inapobaki imepiga goti kisimani, mshale umewekwa utani, watu wa mji wakikaa na kiu siku kadhaa kwa kuogopa kumkaribia mtu aliyekwisha kufa, hakuna anayeuliza ni nani aliyefanya. Wazee wetu walijua kwamba kujua mwisho humpa msikilizaji kazi ya kusikiliza vyema zaidi; sisi, kwa kusoma vitabu vyenye jalada la rangi, tumeisahau ilimu hiyo.

Mimi mwenyewe sikuipata kwa hekima bali kwa ajali. Katika ujana wangu nilinunua kitabu kikuukuu kwa mmoja wa wale wauzaji wanaotandaza bidhaa zao chini kando ya njia, jalada limekatika, kurasa zimeingia rangi ya chai. Nilipofika nyumbani nikakifungua na kukuta kwamba msomaji aliyenitangulia, Mungu amsamehe, ameandika kwa penseli juu ya ukurasa wa kwanza jina kamili la muuaji, na chini yake amepiga mistari miwili, ili nisije nikadhani amekosea. Nilihamaki hata nikataka kukirudisha. Lakini usiku ule umeme ulikuwa umekatika, mvua inanyesha, na kitabu kingine sikuwa nacho. Nikawasha taa ya chemli nikaanza kusoma, nusu kwa hasira. Nilipofika sura ya tatu nilikuwa nimekaa kitako. Kila mara muuaji yule alipoingia mlangoni kwa salamu zake za upole, kila alipowamiminia wageni chai, kila alipomfariji mjane, nilihisi baridi ya mgongo ambayo naamini hakuihisi msomaji yeyote aliyekisoma kitabu hicho kwa upofu. Na fauka ya hayo niliuona mkono wa mwandishi ukifanya kazi, jinsi alivyolitaja jina lile katikati ya majina mengine matano ili lipite bila kugusa jicho, jinsi alivyompa mtu asiye na hatia uso wa kutuhumiwa. Jina la kitabu silitaji, nisije nikamtenda msomaji wangu yale niliyotendwa mimi, japokuwa nilitendwa hisani.

Tangu hapo nimekuwa na mizani yangu, na katika mizani hiyo hakuna aliyezidi uzito wa marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzaliwa huyu wa Makunduchi, wa mwaka 1918, kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, yaani mtu ambaye shughuli yake ni kuingia katika nyumba za watu na kutazama yale ambayo wenye nyumba wasingependa yatazamwe. Nami nashikilia, ingawa sina ithibati ila vitabu vyenyewe, kwamba jicho la mpelelezi wake, Bwana Msa, lilifunguka huko kwenye visima na majaa kabla ya kufunguliwa na huyo Sherlock Holmes ambaye wachambuzi hawachoki kumtaja. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotwaa tuzo ya kwanza katika mashindano ya utungaji ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1957 na 1958 na kutoka kitabuni mwaka 1960, nimeisoma mara sita, na tangu mara ya pili sikuwa tena na haja na muuaji. Mauaji yametokea mahali ambapo watu wamezoea kunasibisha mambo na mizimu. Na hapo ndipo lilipo fumbo la kweli, kwani linalostaajabisha si mkono gani ulioua bali ni akili ngapi zilizokuwa tayari kuamini kwamba hakukuwa na mkono. Msomaji anayekimbilia mwisho hulipita fumbo hilo kama mtu anayepita msikitini akikimbilia sokoni. Kadhalika Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, ambacho jina lake tu, jina la ule mji wa wachawi tuliotishwa nao utotoni, lilitosha kutufanya tulale na taa. Na kadhalika vitabu vyake vya baadaye, kama Duniani Kuna Watu na Mke Mmoja Waume Watatu, ambamo siri zinazochimbuliwa ni zaidi za nasaba na ndoa kuliko za damu iliyomwagika. Na mazungumzo! Bwana Msa na rafiki yake Najum wanavyojibizana, kwa Kiswahili cha Unguja kilichojaa mizaha, staha na vijembe, ni jambo ambalo mtu hulirudia kama anavyorudia nyimbo za taarabu, na sijapata kusikia mtu akiikataa taarabu kwa sababu anajua wimbo unavyokwisha.

Itasemwa kwamba hayo yanafaa kwa Bwana Msa, mzee wa polepole, ila hayafai kwa riwaya za mbio na risasi. Kinyume chake, huko ndiko itikadi hii inakoanguka kwa kishindo zaidi. Nani, katika maelfu waliomsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliwahi kufungua Kikosi cha Kisasi akiwa na shaka ya kweli kwamba Gamba atauawa Kinshasa? Nani alikishika Kufa na Kupona, cha mwaka 1974, akadhani kwamba nyaraka za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zitapotelea Nairobi na shujaa arudi Dar es Salaam mikono mitupu? Mwisho tuliujua tangu kuliona jalada. Kilichotupeleka mbio ni kuiona miji yetu wenyewe imekuwa uwanja wa vita vya siri, na makaburu waliokuwa wakisemwa redioni wamekuwa watu wenye sura na bastola. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye ni vivyo hivyo. Na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, naipendekeza kwa jina lake tu, kwani tangu niisome, simu inayolia usiku wa manane haijawahi tena kuwa simu ya kawaida kwangu.

Sikatai kwamba mshangao una ladha yake, wala sihalalishi ufidhuli wa kumpayukia mtu jina la muuaji njiani. Hiyo ni adabu, na adabu ni lazima kwa kitabu kama ilivyo lazima kwa chakula cha mwenzio. Huko London kuna tamthilia ya Agatha Christie, The Mousetrap, iliyoanza kuchezwa mwaka 1952, ambayo watazamaji huombwa baada ya mchezo wasiifichue siri yake, na desturi hiyo naiona nzuri. Lakini riwaya ya bibi huyo huyo ya mwaka 1926, The Murder of Roger Ackroyd, ambayo nayo sitaifichua, ni hoja yangu kamili: aliyeisoma mara moja ameshangazwa, na aliyeisoma mara mbili ndiye aliyeona kwamba hakudanganywa hata kwa neno moja, na kwamba kila kitu kilikuwa mbele ya macho yake.

Kinachonikera, basi, ni jinsi itikadi hii ilivyoharibu namna yetu ya kupendekezeana vitabu. Muulize mtu akutajie riwaya aipendayo, naye, kwa kuchelea kufichua, atakwambia tu, "Hiyo kali, hutamjua mpaka ukurasa wa mwisho," kauli ambayo haitofautishi kitabu kizuri na kibaya, maana kumficha mtu nyuma ya pazia ni kazi ambayo mtunzi yeyote aliyekosa haya anaiweza: humleta muuaji ukurasa wa mia mbili ambaye hakupata kutajwa, na kazi imekwisha. Kitabu kilichosifiwa kwa fumbo husomwa kwa pupa, huazimwa bila kudaiwa, kikaishia kufungia karanga. Halafu twalalamika kwamba vitabu vya miaka ya sitini na sabini havipatikani madukani, na kwamba wasomi wanaziita hizi riwaya pendwa kwa namna ya mtu anayeziba pua. Wasomi wana kosa lao. Lakini na sisi wapenzi tumewapa hoja mkononi, kwa kuwa tuliposema kwamba kitabu chetu hakistahili kusomwa mara mbili, wao wameongeza tu kwamba, ikiwa ni hivyo, hakistahili hata mara moja.

Maalim nilimpa nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale, na ndiyo ninayokupa wewe pia uanze nayo. Usiharakishe. Na ukishamjua muuaji usimwazime mtu kitabu: kiweke juu ya rafu, ukirudie baada ya mwaka, na ukija barazani kunisimulia ulichokiona safari ya pili, njoo na vidole vyako vikiwa mbali na masikio.