Datsun 240Z: Kutu Huitangulia Injini

Ni rahisi kusifu injini ya gari la Datsun 240Z na kupita haraka mno juu ya bodi, ambako ndiko gari hilo hufia. Injini yake ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4, ni ngumu kiasi kwamba gari hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Na hata ikichoka, fundi makini huweza kuifungua na kuirudishia nguvu.

Kutu, yaani hali ya chuma kuungana na oksijeni penye maji, ni jambo jingine, kwani mabati ya gari hilo yalikuwa membamba na kinga yake hafifu, hivyo maji yanayotuama ndani ya mihimili yenye uwazi iliyo chini ya milango huila kutoka ndani, na rangi ya nje inapoanza kutoa malengelenge, bati huwa limekwisha kutoboka. Sehemu inayobeba betri huumia pia, kwa sababu asidi inayovuja huondoa rangi. Kuziba matundu kwa puti, kile kijazio laini kinachokauka na kupigwa msasa, ni kuficha maradhi tu (na wauzaji wengi wanalijua hilo). Tiba ni kukata hadi kwenye chuma kizima, kuchomelea bati jipya, kisha kupuliza nta ndani ya mihimili. Mnunuzi na aanze kukagua chini ya zulia kabla ya kuwasha injini.