KUFUNGA DUKA SI KUPIGA JIWE

Ndugu wachimbaji, wachuuzi na raia wote wa Beni na Butembo,

Twauliza neno moja. Mtu akifunga butiki yake siku ya ville morte kwa kuwa amechoka kuzika ndugu, ametenda kosa gani? Mlango ni wake, na fedha ni yake. Kukataa kwake ni kusema, ingawa kinywa kimenyamaza.

Jirani zetu ng'ambo ya Kasindi walilipitia jambo hili. Machi 1959 Augustine Kamya na wenzake wa Uganda National Movement waliwaita Waganda wasinunue katika maduka ya Wahindi. Mwezi wa Mei Gavana Crawford akakipiga marufuku chama hicho. Kweli, walikuwako waliowatisha na kuwadhuru waliovunja mgomo, nao walistahili kushitakiwa. Lakini aliyesusa kwa amani naye alizibwa mdomo. Je, mgomo ulikufa? La, uliendelea hata 1960.

Huku kwetu Katiba ya 2006 yatupa haki ya kusema katika kifungu cha 23, na ya kuandamana kwa amani katika kifungu cha 26. Hata hivyo, 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na raia wakahukumiwa na mahakama za askari. Novemba 2021 vijana wa Lucha walikamatwa Beni wakiupinga utawala huo. Aprili 2022, 12 kati yao walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Wakubwa husema kuna vita, na adui atapata nafasi. Twajibu: kumnyamazisha aliyefiwa hakumfukuzi muuaji.

Huko Marekani, wenye maduka wazungu wa Port Gibson, Mississippi, walidai fidia kwa mgomo ambao watu weusi waliuanza 1966. Mwaka 1982 Mahakama Kuu iliamua kwamba aliyetumia nguvu atalipa hasara aliyoleta, bali mgomo wa amani ni haki ya kusema.

Haki hiyo yatubana na sisi pia. Kijana anayempiga mawe mama muuza mboga kwa sababu hakufunga, amemnyang'anya hiari yake. Mama huyo anakula kwa siku. Naye kwa kuuza anasema neno lake.

Basi twataka hivi: sheria imshike mtu kwa jiwe lake, isimshike kwa neno lake. Nasi tuwe wa kwanza kuliweka jiwe chini.