Waya wa Ndege na Sahihi ya Pili



Safari hii twaandika juu ya ndege. Twajua wako watakaosema, "Haya, chama sasa kimepanda juu, na sisi wa hapa chini je?" Twaomba subira. Neno tulilo nalo lamhusu fundi wa ndege kwanza, lakini fundi wa malori pale Malaba atalijua mara moja, na mwenye bodaboda pia.

Wenzetu wa Mundika, Matayos na Busia mjini wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2003. Serikali mpya ya Bw. Kibaki ilikuwa haijatimiza mwezi. Mawaziri walikuja upande wetu, Funyula, katika sherehe ya kumpongeza Bw. Moody Awori. Wakati wa kurudi walipanda ndege ya Gulfstream yenye injini mbili za rafadha, ikaondoka katika kiwanja chetu kidogo cha Busia. Haikufika mbali. Iligusa nyaya za umeme ikaanguka. Marubani wote wawili walifariki, na pamoja nao Bw. Ahmed Khalif, Waziri wa Kazi. Waliumia Bi. Martha Karua, Bw. Raphael Tuju na Bi. Linah Kilimo.

Waziri wa Kazi, ndugu. Yaani mtu ambaye mashauri yetu yote na matajiri yangefika mezani kwake, alifia hapa kwetu hata kiti hakijapata joto.

Tangu siku ile, watu wa huku wakizungumza habari za usalama wa ndege huzungumza juu ya urefu wa kiwanja na milingoti ya umeme. Ni haki yao, kwa maana ndiyo waliyoyaona kwa macho. Nyaya zilizoleta msiba ule zilikuwa nje ya ndege, wala hatusemi vinginevyo. Lakini ndani ya ndege ndogo ziko nyaya nyingine, ambazo abiria hazioni na mheshimiwa hakuulizi habari zake, na hizo ndizo tunazotaka kuzisema leo.

Katika ndege kubwa za siku hizi usukani husukumwa kwa mafuta ya presha na umeme. Katika ndege ndogo, zile Cessna na Piper zinazotua katika viwanja vya majani na murram, rubani avutapo usukani huvuta waya wa chuma. Waya huo hupita chini ya sakafu, huzunguka kapi moja baada ya jingine, hufika mkiani au katika mabawa, na huko huvuta kibao kinachoinua pua ya ndege, au kuilaza, au kuigeuza. Unene wake mara nyingi ni milimita tatu hivi. Waya wa aina inayotumika sana umesokotwa kwa nyuzi 133, yaani mafungu 7 na kila fungu nyuzi 19. Hakuna kingine baina ya mkono wa rubani na mkia.

Sisi wa mpakani hatuhitaji kufundishwa mengi juu ya waya. Bodaboda ilizaliwa hapa Busia, kwa baiskeli, kuvusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Kila aliyeendesha baiskeli ile anajua waya wa breki haukatiki wote kwa siku moja. Hukatika uzi mmoja pale unapokunjika kuingia katika ala yake, halafu wa pili, nawe waendelea kupakia watu kwa sababu breki bado inashika. Siku ya kukatika kabisa ni siku ya mteremko.

Waya wa ndege ni hivyo hivyo. Hulika pale unapopita juu ya kapi. Kutu huanza ndani ya msokoto ambako jicho halifiki. Kwa hiyo fundi hupitisha kitambaa juu ya waya wote, polepole, na kitambaa kikinasa, pana uzi uliokatika. Na hata kitambaa chaweza kudanganywa, ndiyo sababu mahali pa makapi inafaa waya ulegezwe na kukunjwa ili nyuzi zilizokufa zijitokeze. Kisha kuna mkazo. Mwili wa ndege ni wa alumini, nao hutanuka kwa joto kuliko chuma. Basi waya huzidi kukaza katika jua la Lodwar na hulegea katika baridi ya juu angani. Fundi sharti apime joto la hewa, asome jedwali, ndipo akaze skrubu zake na kuzifunga zisijifungue. Kazi hii hufanywa kwa kulala kifudifudi chini ya sakafu, tochi mdomoni. Haina haraka. Na tajiri hapendi kazi isiyo na haraka.

Kwa kulijua jambo hili, watu wa ndege wana desturi ya zamani iliyoenea huku kutoka kwa Waingereza: usukani ukiguswa, hukaguliwa mara mbili na watu wawili. Wa kwanza hukagua akatia sahihi. Wa pili, ambaye hakuifanya kazi ile, huanza upya kana kwamba wa kwanza hakuwapo, naye hutia sahihi yake. Sahihi hii ya pili ndiyo shauri letu leo.

Tuna kijana wetu mmoja wa sehemu hizi, jina lake twaliweka, aliyekuwa kibarua katika banda moja la ndege. Hatulitaji banda lenyewe. Usiku mmoja aliambiwa awe mtu wa pili kukagua ndege iliyorudishiwa nyaya za mkia. Kitambaa kikanasa. Akaita taa, akaona nyuzi tatu zimekatika karibu na kapi la nyuma, juu ya waya wa zamani ambao haukubadilishwa pamoja na mwenziwe. Akasema hatii sahihi. Akaambiwa ndege imekodiwa, yaondoka saa moja asubuhi, na nyuzi tatu si kitu. Huenda kweli nyuzi tatu zilikuwa ndani ya kiasi kinachoruhusiwa na kitabu. Yeye aliomba kitabu kifunguliwe, basi. Hakikufunguliwa. Aliitwa mwingine akatia sahihi, ndege ikaenda ikarudi salama. Jumatatu yule kijana hakuitwa kazini, wala Jumanne. Hakufukuzwa, maana kibarua hafukuzwi. Huachwa tu kuitwa.

Meneja, alipoulizwa na wenzake, alisema: "Si mmeona? Ndege imerudi."

Tunaomba neno hili lishikwe vizuri, kwa sababu mwezi ule ule wa Januari 2003 uliotutia sisi msiba, neno hilo hilo liliua watu 21 huko Marekani. Tarehe 8, siku 16 kabla ya ajali ya Busia, ndege ya Beechcraft 1900 iliondoka Charlotte, Carolina ya Kaskazini, na abiria 19 na marubani wawili. Ilipopaa ilielekeza pua juu kupita kiasi, na marubani waliposukuma usukani kuilaza, haikulala. Katika muda wa chini ya dakika moja ilianguka kando ya banda la ndege. Hakupona mtu.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walitoa ripoti yao mwaka 2004. Usiku wa kuamkia tarehe 7, nyaya za kibao cha mkia zilikazwa upya katika banda la mji mwingine, nazo zikakazwa vibaya, hata kibao kikaweza kushuka nusu tu ya mwendo wake. Fundi aliyefanya kazi hiyo hakuwa amewahi kuifanya katika ndege ya namna ile. Mkaguzi ndiye aliyekuwa akimfundisha, nao wakakubaliana kuziruka baadhi ya hatua za kitabu. Kisha mkaguzi huyo huyo akakagua. Sahihi zilikuwa mbili, jicho lilikuwa moja.

Tena mafundi wale hawakuwa watu wa shirika lenye ndege. Shirika liliitoa kazi kwa kampuni ya pili, na ya pili ikachukua mafundi kutoka kampuni ya tatu. Ninyi mnaopakia malori mipakani mnaijua ngazi hiyo; ukiuliza mwajiri wako ni nani, kila mmoja humwonyesha wa juu yake.

Na baada ya kukazwa vibaya, ndege ile iliruka safari tisa. Tisa, na zote ilirudi. Abiria walikuwa wachache, mizigo si mingi, na nusu ya mwendo wa kibao ikatosha. Safari ya kumi mkia ulielemewa, kwa kuwa uzito wa watu ulikadiriwa kwa hesabu za zamani zisizolingana na miili ya watu wa leo. Laiti mtu angalimuuliza meneja wa banda lile baada ya safari ya tisa, angalisema alivyosema meneja wa kijana wetu.

Sheria zipo, hatukatai. Mwaka 2013 Marekani iliamuru ndege nyingi za Piper zikaguliwe nyaya za mkia na viungo vyake, baada ya kuonekana kutu na nyufa katika zile zilizozeeka. Australia nayo iliamuru nyaya zenye ncha za aina fulani ya chuma zibadilishwe zikitimiza miaka 15, hata zikionekana nzima, kwa maana ufa wa ncha hauonekani mpaka siku ya kukatika. Ndege zetu ndogo zimeundwa ng'ambo, na amri ya nchi iliyounda ndege huifuata ndege yenyewe hata ikiandikishwa Kenya. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina wakaguzi wake. Tatizo ni kuwa amri husomwa ofisini, na waya hukaguliwa saa nane za usiku na mtu anayefikiria kama kesho ataitwa kazini.

Hata sheria yetu wenyewe, ile ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu na amripoti mkubwa wake, na asilazimishwe kurudi mahali pale kabla haijarekebishwa. Sheria njema. Lakini iliandikwa kwa kumfikiria mtu ambaye hatari yamkabili yeye mwenyewe, mashine yaweza kumkata mkono. Fundi wa waya hakabiliwi na hatari. Yeye atabaki chini, ardhini, na chai yake. Hatari imo katika viti vya abiria, na twataka aweze kukataa kwa ajili yao bila kuuza mkate wa watoto wake.

Basi sisi twasema hivi. Vyama vyote vyenye wanachama katika mabanda ya ndege, na vyenye mafundi wa magari pia, vikikaa na matajiri juu ya mapatano mapya, vitie kifungu kwamba mfanyakazi aliyekataa kutia sahihi kwa ajili ya usalama, akaandika sababu yake, asiadhibiwe, asihamishwe, wala asiachwe kuitwa, hata ikionekana baadaye kwamba alikosea. Na mtu wa pili asiwe yule aliyemfundisha au kumwamuru wa kwanza. Na saa zake za kukagua zilipwe kama kazi.

Hapo kwenye "hata alikosea" ndipo matajiri watakapopiga kelele. Watasema kila mvivu atakataa sahihi. Sisi twajibu kwamba mvivu hakatai; mvivu hutia sahihi akaenda kulala. Kukataa ni kazi: uandike, uitiwe mhandisi, ufungue sakafu upya, uangaliwe vibaya na rubani. Mtu akimwadhibu aliyekosea mara moja kwa uangalifu, amewafundisha wote waliobaki kunyamaza.

Watasema pia ndege ndogo hazina pesa, na mtu wa pili ni gharama. Ni kweli ni gharama, na hatutaki kuficha: nauli zaweza kupanda, na safari nyingine zitachelewa. Tangu mwaka 1957 madaktari warukao wa AMREF wamekuwa wakifika mahali ambapo barabara haifiki, na kuchelewa kwa ndege ya mgonjwa si jambo dogo. Twalijua. Lakini ndege ya mgonjwa ikikosa kufika kwa sababu waya wake umekatika, mgonjwa anabaki pale pale, na daktari tumempoteza.

Wenzetu wa gereji za Malaba wametuuliza kama kifungu hiki chaweza kuwahusu nao, kwa breki za matrela. Jibu letu ni ndiyo, na twawaomba walete maneno yao wenyewe, kwa kuwa wao wajua ni wapi lori husukumwa barabarani kabla halijawa tayari.

Yule kijana yuko nyumbani sasa. Anatengeneza pikipiki kando ya barabara ya Kisumu, chini ya mwembe. Tulimkuta juzi ameshika waya wa breki wa mteja, anaupitishia kitambaa, na mteja amesimama juu yake akilalamika kwamba anacheleweshwa.