Ituri: Petroli ya ziwa Albert inaanzia kwa mwalimu wa fizikia

Viongozi wakifika Bunia hupenda kuwaambia vijana wasomee uinjinia wa petroli. Kwa walimu gani? Ng'ambo ya ziwa Albert, Uganda ilipata mafuta mwaka 2006, na mwaka 2009 ikaanzisha chuo cha petroli Kigumba. Kongo ilinadi vitalu 27 vya mafuta mwaka 2022, kisha ikafuta mnada mwaka 2024. Kunadi ilijua.

Injinia wa petroli hukadiria mafuta yaliyo ndani ya mwamba na nguvu inayoyasukuma juu. Hiyo ni hesabu, fizikia na kemia ya tangu sekondari. Mtoto aliyekimbia Djugu, anayekaa kambini miaka bila mwalimu wa fizikia, atapewa kazi ya kulinda lango la kisima. Serikali ilipe walimu wa kambini kwanza, mnada usubiri.